Shangazi, mashine ya mume wangu imenihamisha chumbani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu. Tunaishi Umoja, nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule, na huu ni mwaka wa kumi na mbili katika ndoa. Mume wangu ni mtu mwema, nianze na hilo, na ndiyo sababu naandika huku moyo ukiniuma.

Baba watoto ni dereva wa lori dogo la kusambaza mikate. Hutoka nyumbani saa tisa usiku. Kwa miaka mingi alikuwa akikoroma mpaka jirani akawa ananitania asubuhi tukikutana kwenye kamba ya nguo. Mimi kukoroma sikujali. Kilichonitisha ni kimya. Alikuwa akikoroma weee, halafu ghafla anyamaze, nami nimelala ubavuni mwake nikihesabu: moja, mbili, tatu. Siku moja nilifika ishirini na sita ndipo akashtuka kama mtu anayeibuka majini. Mchana akawa anasinzia hata sahani ikiwa mkononi. Mwaka juzi akasinzia kwenye usukani, Barabara ya Jogoo, lori likapanda ukingo. Mungu alikuwapo, hakuna aliyeumia. Mwajiri akamwambia hatagusa usukani tena kabla ya kuonana na daktari. Hospitalini walimlaza usiku mmoja na nyaya kichwani na kifuani, asubuhi wakatuambia pumzi yake hukatika mara 41 kwa saa, wakamwandikia mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani usiku kucha.

Mpya hatukuiweza. Shemeji yangu aliye Marekani akatutafutia iliyotumika, fundi wa hospitali akaipanga kama daktari alivyoagiza. Na Shangazi, ilifanya kazi. Kimya kile cha kutisha kiliisha usiku wa kwanza. Nililala kama mtoto. Mashine yenyewe ilikuwa inavuma kidogo tu, kama feni iliyo chumba cha pili. Hata Krismasi tulipokwenda ushago Kakamega tuliibeba. Niliipakata mapajani ndani ya matatu isigongwe, ikaniloanisha leso nzima, lakini ilifika salama na akailalia huko siku zote nane.

Sasa imegeuka. Kuna mluzi, fwiii, unaanza akijigeuza, unanyamaza, unaanza tena, na hewa baridi inanipuliza shingoni. Katikati ya usiku inatokota gulugulu kama mtu anayemaliza soda kwa mrija, hasa tangu baridi hii ya Juni ianze. Na chini ya hayo yote kuna mlio mwembamba usiokatika, kama birika linalokaribia kuchemka, na sanduku linaitikia. Nasema sanduku kwa sababu tumeiweka juu ya sanduku langu la bati nililokuwa nalo shule ya bweni. Meza haina pa kukaa.

Nimejaribu. Nilikaza mikanda ya barakoa mpaka akaamka na michirizi mashavuni, mluzi ukazidi. Wiki iliyopita nikagundua barakoa ina vitundu vidogo kwa mbele, ndivyo vinavyonipuliza, nikaviziba kwa plasta. Upepo ukapungua. Ila siku mbili hizi ameamka kichwa kikimuuma, anasema ni uchovu. Yeye mwenyewe anataka kuifungua mashine aitie mafuta ya cherehani.

Tangu Mei nalala sebuleni na watoto. Mama mkwe alipotutembelea akaona godoro, akaniuliza kama tumekosana. Na usiku mmoja hasira zilinipanda nikamwambia baba watoto, "Heri ukorome." Hakunijibu. Tangu siku hiyo huizima ikifika saa sita, akidhani nimelala. Silali. Nasikia kimya kutoka chumbani, naanza kuhesabu tena.

Nataka usingizi, Shangazi, na namtaka mume wangu. Nifanyeje?

Aliyehamia Sebuleni, Umoja

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujasoma zaidi, inuka ukaibandue hiyo plasta. Nitakusubiri.

Vile vitundu si kasoro. Fikiria njia ya hewa ilivyo: mpira wa kupitishia hewa ni mmoja, na hewa safi inakuja kwa nguvu kupitia huo huo mpira muda wote. Sasa ile pumzi anayoitoa mumeo itokee wapi? Haiwezi kurudi nyuma kwenye mashine. Njia yake ni vile vitundu tu. Ukiviziba, anabaki kuvuta tena hewa aliyokwisha kuitoa, yenye kaboni dayoksaidi, saa baada ya saa. Kuamka na kichwa kinauma ni mojawapo ya dalili za kuvuta hewa hiyo, na umeniambia mwenyewe kwamba maumivu yalianza baada ya plasta. Mimi siuiti huo uchovu. Plasta ikitoka na kichwa kikaendelea kuuma, aende kwa daktari wiki hii hii, wala asingoje tarehe ya kliniki.

Sikulaumu. Hakuna aliyekueleza kazi ya vitundu hivyo, na ungeelezwa usingeviziba. Vioshe tu kwa burashi laini ya meno na maji ya sabuni, kwa sababu vikiingia uchafu upepo hulazimika kupita penye nafasi nyembamba na hapo ndipo huanza kupiga kelele.

La pili ni mafuta ya cherehani. Mwambie baba watoto kwa heshima zote kwamba mashine hii si gari. Hewa yote anayoivuta usiku hupitia kwenye ile feni ndani ya mota kabla ya kufika puani. Tone la mafuta likiwekwa humo, mvuke wake utaishia kwenye mapafu yake. Asiifungue.

Sasa tukae.

Natumia mashine kama hiyo, huu ni mwaka wa sita, kwa hiyo kelele unazozitaja nazijua kwa masikio yangu. Na jambo ambalo ningependa ulishike ni hili: kelele yenu si moja. Zimekufikia kwa pamoja, gizani, ukiwa umechoka, ukaziita "kelele za mashine". Lakini barua yako imezitenganisha vizuri kuliko unavyodhani. Umesikia mluzi, umesikia gulugulu, umesikia mlio wa birika, na umesikia sanduku. Kila moja ina chanzo chake na kila moja ina dawa yake. Mashine nzima ya aina hii kwa kawaida huvuma kwa desibeli 25 hadi 30 hivi, kiasi cha mtu anayenong'ona. Mkoromo mkubwa hupita desibeli 60 bila taabu. Ikiwa mnong'ono umegeuka kuwa jambo la kukufukuza kitandani, kuna kitu kimeharibika au kimekaa vibaya, na kinaweza kutafutwa.

Tuanze na sanduku, maana ndilo rahisi. Bati tupu ni ngoma. Mtetemo mdogo wa mota ambao kwenye ubao usingeusikia, bati huuchukua na kuuvumisha chumba kizima. Liondoe leo. Tafuta kigoda cha mbao au stuli fupi, iwe chini kuliko godoro, upande wake, mbali na kichwa chako kadiri mpira unavyofika. Juu ya kigoda weka kipande cha mpira wa ndala. Mimi nilikata pata pata kuukuu vipande vinne, kimoja chini ya kila pembe ya mashine, na nyumba yangu ilitulia usiku huo huo. Usiiweke juu ya blanketi au mto, maana kitambaa huziba mahali inapovutia hewa, wala usiifungie kabatini ukidhani mlango utaizuia sauti. Itakosa hewa na kupata joto. Sakafuni moja kwa moja pia hapana, vumbi la Eastlands unalijua.

Na kwa kuwa nimetaja vumbi: nyuma au ubavuni mwa mashine kuna kifuniko kidogo, ndani yake mna kichujio cha hewa. Kitoe ukitazame kwenye mwanga. Mashine inayovuta hewa kupitia kichujio kilichojaa vumbi na masizi hulazimika kuhangaika, na kuhangaika kwake ndiko unakokusikia. Kuna vichujio vya sponji vinavyooshwa kila wiki kwa maji na kukaushwa kabisa, na kuna vyeupe vyembamba kama karatasi ambavyo havioshwi, hutupwa. Mimi changu cheupe hubadilisha kila mwezi, na kiangazi kikikaza hata kabla ya hapo.

Mluzi sasa. Huu ni wa barakoa, na hapa ulifanya kosa ambalo nami nililifanya mwezi wangu wa kwanza: ulikaza. Ule mto wa silikoni unaogusa uso umetengenezwa ujae hewa kidogo na kuelea juu ya ngozi. Ukiuvuta kwa nguvu, unaukunja, na kila kunjo ni mlango wa hewa. Ndiyo maana ulikaza na mluzi ukazidi.

Fanyeni hivi. Alale chini jinsi anavyolala usiku, kwa sababu mashavu ya mtu aliyesimama na ya mtu aliyelala hayafanani. Aiwashe mashine. Legezeni mikanda yote mpaka hewa ianze kutoka, kisha aishike barakoa, aiinue kidogo kutoka usoni na kuiachilia itue tena yenyewe. Ndipo mkaze, pande zote mbili kwa pamoja, kidogo kidogo, na kusimama pale pale mluzi unapokoma. Ukipata nafasi ya kupitisha ncha ya kidole chini ya mkanda, inatosha. Halafu ageuke kushoto, ageuke kulia. Mluzi ukirudi akiwa ubavu mmoja tu, tazama kama mto wa kichwa ndio unaoisukuma barakoa. Sogeza mto, usiongeze kukaza. Baadhi ya mashine zina kipengele cha kupimia kama barakoa imekaa sawa, na asubuhi huonyesha kwenye skrini kama hewa ilivuja. Mwombe fundi awaonyeshe mahali hapo.

Kuna mengine mawili kuhusu uso. Mafuta ya ngozi hufanya silikoni iteleze, kwa hiyo ule mto uoshwe kila asubuhi kwa sabuni isiyo kali na maji ya vuguvugu, naye anawe uso kabla ya kulala, asijipake mafuta mahali barakoa inapokaa. Na kama amefuga ndevu, hewa hupita kwenye ndevu. Tena mto wenyewe huchakaa. Ubonyeze kwa vidole: ukiwa umekuwa mgumu au wa njano au umepasuka ukingoni, hakuna ufundi wa mikanda utakaousaidia, ni kununua mwingine. Barakoa iliyokuja na mashine iliyotumika, ukaitumia tena zaidi ya mwaka, mimi ningeanza kwa kuishuku hiyo.

Upepo unaokupuliza shingoni ukitoka kwenye vile vitundu ni haki yake kutoka. Lakini si lazima utokee shingoni mwako. Mlale yeye akitazama upande wa ukuta, au tumbukiza mto mwembamba katikati yenu. Na siku mkibadilisha barakoa, ulizeni zile ambazo hewa yake hutawanyika kupitia kijiwavu badala ya kutoka kama mshale. Tofauti yake mtu anayelala pembeni huitambua mara moja.

Gulugulu nayo ni ya Juni. Kile kitangi cha maji huitia hewa joto na unyevu ili pua isikauke. Hewa hiyo yenye mvuke ikipita ndani ya mpira uliopoa kwa baridi yetu ya Juni na Julai, mvuke hugeuka matone, matone hukusanyika mahali mpira uliponing'inia, na hewa inayopita juu yake ndiyo inayotokota. Wakati mwingine maji hufika puani na mtu huamka ameshtuka, akidhani anazama. Sasa unaona faida nyingine ya kigoda kifupi: mashine ikiwa chini kuliko kitanda maji hurudi kwenye tangi badala ya kuteremka usoni. Punguzeni unyevu hatua moja kwenye skrini. Kisha uvalishe mpira nguo. Mimi nilikata mikono miwili ya sweta ya mwanangu iliyombana, nikaiunga kwa sindano, nikaupitisha mpira ndani yake. Kuna mipira yenye waya wa joto ndani, kama mashine yenu inaikubali na mfuko unaruhusu, lakini sweta imenivusha misimu ya baridi kadhaa.

Maji yenyewe yawe yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena, yasiyo na chumvichumvi. Yanunue duka la dawa. Najua kwenye vituo vya petroli kuna chupa za maji ya betri, na baba watoto akiwa dereva atakuambia ni yale yale. Hayo yametengenezewa betri, hayakutengenezewa pua ya mtu, na kwenye rafu hiyo hiyo mara nyingi pamekaa asidi katika chupa inayofanana. Maji ya bomba au ya kisima yakichemshwa huua vijidudu lakini ile chumvi hubaki, na ndiyo ile ganda jeupe utakayoiona chini ya tangi. Maji yamwagwe kila asubuhi na tangi lianikwe wazi.

Umebaki mlio wa birika, ule usiokatika. Huu ndio ulionifanya nirudie barua yako mara tatu.

Kuna sentensi uliipita haraka. Uliipakata mashine kutoka Nairobi hadi Kakamega, nayo "ikaniloanisha leso nzima". Maji yale yalitoka wapi? Tangi lilikuwa bado na maji, na lilikuwa bado limechomekwa. Kwa mwendo wa matatu na yale matuta, mashine imeinama huku na huku kwa saa nyingi. Maji yaliyokufikia wewe ni yale yaliyotoka nje. Mengine, mwanangu, yana njia ya kuingia ndani, kwenye feni. Feni hiyo huzunguka kwa kasi kubwa sana juu ya beringi ndogo mno, na maji yakizifikia beringi kutu hufuata. Kutu haitangazi siku hiyo hiyo. Mashine huendelea kufanya kazi, ushago ikafanya kazi siku nane, halafu taratibu mvumo wake unapanda na kuwa mwembamba, mwezi huu kidogo, mwezi ujao zaidi. Ndivyo ulivyonieleza.

Uhakikishe hivi. Jumapili alasiri watoto wakiwa nje, mkae naye nyote wawili. Aiwashe mashine ikiwa kwenye kigoda, bila barakoa, kiganja chake kikiwa kimeziba ncha ya mpira. Mluzi haupo, maana barakoa haipo. Pitisha mkono wako uliolowa maji kwenye mpira mzima, polepole, hasa pale unapoungana na mashine. Ukihisi ubaridi wa hewa, mpira umetoboka, na mpira ni kitu cha kununua tu. Kisha toeni tangi kabisa, kama mashine yenu inakubali kuendeshwa bila tangi. Mlio ukiwa bado upo, mmeukuta: ni mota.

Mkiukuta hapo, ipelekeni hospitali iliyompangia mashine, kwa fundi wa vifaa vya matibabu, na mmweleze habari ya maji bila kuficha. Mafundi wa Luthuli Avenue wananifaa sana kwa redio, lakini huyu aifungue mtu mwenye kifaa cha kupimia kwamba nguvu ya hewa inayotoka ndiyo ile daktari aliyoiandika. Mota iliyochakaa inaweza kuvuma usiku kucha huku ikimpa mumeo hewa pungufu. Amwombe pia atazame saa ilizotumika. Ni mashine ya mtu mwingine, nayo pia ina umri. Baadhi huandika kwenye skrini kwamba maisha ya mota yamekwisha, na watu hulibonyeza tangazo hilo lipotee. Na kama ni ya zamani kidogo, aangalie mpangilio wa mwinuko. Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya bahari, mkandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja kwa tano kuliko Mombasa, na feni hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili itoe nguvu ile ile. Mashine za sasa hujirekebisha zenyewe, lakini zile za kale zilihitaji mtu aziambie ziko mlima gani.

Kwa kuwa ilitumika Marekani, kuna jambo la kuangalia hata kama mlio ni wa maji. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mamilioni ya mashine zake za kupumulia. Ndani mlikuwa na sponji iliyowekwa kwa kusudi hili hili letu, kupunguza sauti, na sponji hiyo ikagundulika kwamba inaweza kumomonyoka, chembe zake na kemikali zake zikaingia kwenye hewa anayovuta mgonjwa. Hukunitajia jina la mashine yenu, na sikuulizi hapa gazetini. Igeuze chini, soma jina na namba yake, mwingize baba watoto kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza aiandike namba hiyo. Mkiona chembe nyeusi ndani ya mpira au kwenye tangi, msingoje tovuti, nendeni hospitali nayo mkononi. Na mtu asije akawauzia kile kisanduku cha kusafishia kwa hewa ya ozoni. Kwa sponji ile ozoni ilitajwa kuwa inaiharibu zaidi.

Siku mashine ikiwa kwa fundi, ulizeni kama hospitali ina ya kuazima. Isipokuwapo, alale ubavu, kichwa kikiwa kimeinuliwa, asiguse pombe wala dawa za usingizi, na azungumze na mwajiri wake akae pembeni ya usukani siku hizo. Mwajiri aliyemtuma hospitali mwaka juzi ataelewa. Pumzi kukatika mara 41 kwa saa ni kama kila dakika moja na nusu mtu anakabwa na kuachiliwa, usiku wote, na daktari huhesabu kuanzia 30 kuwa ni hali kali. Hiyo ndiyo iliyompandisha ukingo wa Jogoo. Kuizima saa sita ili aondoke saa tisa kunampa saa tatu za kukabwa kabla hajashika lori. Hili mwambie leo jioni, mashine iwe imetengenezwa au haijatengenezwa.

Na hapo ndipo nafika kwenye "heri ukorome".

Ulichosema usiku ule hukukimaanisha, na ushahidi ni kwamba bado unahesabu. Mwanamke anayetamani mkoromo halali sebuleni akihesabu kimya cha mumewe. Lakini yeye hajui kwamba unahesabu. Anachojua ni kwamba kitu kilichofungwa usoni mwake kimemfukuza mke wake kitandani, naye akaamua kukipunguza kwa ajili yako. Mwanamume aliyefunikwa barakoa mbele ya mkewe tayari ana aibu fulani, mimi mwenyewe niliizima taa kila nilipoivaa kwa miezi mitatu. Mwambie lile la ishirini na sita. Sidhani umewahi kumwambia. Mwambie ulivyolala ukiwa na namba hiyo kinywani, na kwamba mashine ilipokuja ulilala kama mtoto. Mengine yatajisema.

Kulala sebuleni kwa majuma haya machache hakujavunja ndoa yenu, mwanangu, kulikupa usingizi wa kuwalea watoto. Rudi kigoda kikishakaa na barakoa ikishatulia, hata kama mota bado iko kwa foleni ya fundi. Vizibo vya masikio vya sponji vinapatikana duka la dawa kwa bei ndogo, ila mtoto wenu mdogo akiwa bado anaamka usiku, vaa sikio moja tu, lile linalomwelekea baba yake.

Mama mkwe amekuuliza swali la mama. Mjibu kwamba mwanawe ana ugonjwa wa pumzi usingizini, mashine ilikuwa na hitilafu na mnaitengeneza. Akija tena mwonyeshe inavyofanya kazi, aishike barakoa, ajipulizie upepo mkononi. Mwambie kwamba mtu wa kwanza kulala na hewa ya namna hii alilazwa Sydney, Australia, mwaka 1980, na daktari Colin Sullivan, aliyeunda mashine yake kwa mota ya kufyonzea vumbi. Wewe umelalamikia birika. Wale wa kwanza walilala na mota ya mfyonza vumbi, na wakaamka wazima.

Niandikie mkishafanya ile kazi ya Jumapili, unieleze mlio ulibaki au uliondoka na barakoa. Na Agosti shule zikifungwa, kama mtateremka tena Kakamega: asubuhi ya safari chomoa tangi, limwage, likaushe kwa taulo, na ulifunge kwenye mfuko wake peke yake, mbali na mashine.

Shangazi